Sikuchungulia Mwenyewe

"Mimi mwenyewe nimechungulia," dada alisema, kisu kikiwa bado kwenye kiazi. "Kwa macho yangu haya. Hakuna aliyenisimulia."

Nilikuwa nimetoka kazini, hata koti jeupe sijalitundika. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, ameshika simu ambayo hakuwa akiiangalia. Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi, baba mdogo wa mchumba wangu angekuja nyumbani kwetu na watu wawili watatu kupanga siku ya harusi.

Mchumba wangu ni fundi baiskeli. Mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa sababu hawezi kukaza nati bila kuisafisha kwanza, na ukimuuliza hali hufikiri kidogo kabla ya kusema hajambo. Karakana yake iko chini ya jengo la ghorofa nne, analala chumba cha nyuma, na kila jioni isiyo na mawingu hupanda juu ya paa na darubini yake. Ni darubini ndogo, ya watu wanaoanza: bomba la urefu wa mkono, kioo cha mbele kisichozidi mdomo wa kikombe, na miguu mitatu myembamba inayotetemeka ukipumua karibu. Bei yake haifiki ya baiskeli kuukuu. Hakuna aliyemfundisha kuitumia. Alikosea mwaka mzima mpaka akajua.

Dada alieleza kwamba jioni iliyotangulia alikwenda kuchukua baiskeli yake, akakuta karakana wazi na fundi hayupo. Akaambiwa yuko juu. Akapanda, kumbe mwenyewe ameshashuka kwa ngazi ya nyuma kumjibu mteja, na darubini imesimama peke yake.

"Imeelekezwa wapi? Dirishani kwa yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Nikainama. Mwanamke amekaa kwenye kiti anachana nywele, bega wazi. Nimeona mpaka kitana. Kalenda ya ukutani nimeisoma."

"Labda alikuwa anaangalia kitu kingine," nilisema.

"Mdogo wangu, nyota gani inachana nywele?"

Mama aliguna. Dada ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, na aliyenisindikiza siku yangu ya kwanza ya kazi. Hajawahi kunidanganya, hata kuhusu nguo isiyonikaa vizuri.

Usiku ule nilituma ujumbe: "Jumamosi msije. Na wewe usinitafute."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima na nusu. Kwa Taratibu hiyo ni haraka. "Nimesoma. Sielewi. Naomba uniambie kosa langu, kama ni langu nilirekebishe, kama si langu nilikanushe."

Sikumjibu. Jumanne sikumjibu. Jumatano mama aliuliza kama awapigie simu wale wazee mwenyewe, nikamwambia asubiri, na sikujua namsubirisha nini.

Mimi ni mtu wa maabara. Siku nzima nimeinamia hadubini nikihesabu vitu ambavyo wenzangu hawavioni. Alhamisi mchana mwenzangu aliniletea fomu ya mgonjwa, akaniomba niweke saini tu, kioo cha sampuli ameshakiangalia yeye na jibu liko wazi. Nilimwambia kile ninachomwambia kila siku.

"Sisaini jibu ambalo sijaliona."

Alicheka, akaniachia kile kioo. Nami nilibaki na kalamu mkononi, masikio yakiniwaka. Tangu Jumatatu nilikuwa nimesaini jibu la dada.

Jioni nilikwenda. Pete ilikuwa mkobani ndani ya bahasha, tayari, kwa sababu bado sikuwa na hakika. Nilimkuta juu ya paa kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, amepiga magoti juu ya mto wa kiti, jicho kwenye darubini. Jua lilikuwa limetua punde tu. Aliposikia hatua zangu alisimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Umekuja kuniambia kosa?"

Nilimwambia lote, la kiti, la kitana, la kalenda. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha kidole kwenye nuru moja nyeupe juu ya jengo la ng'ambo. Akanieleza kwamba ile ni Zuhura, na kwamba kila jioni inashuka, naye anaisogeza darubini kidogo kidogo kuifuata, mpaka paa la lile jengo linaimeza. Dirisha la mshonaji liko chini tu ya paa. Akiitwa na mteja, bomba hubaki lilipoishia.

"Niapie," nilisema.

"Kiapo nacho ni maneno. Wewe macho yako yanalipwa mshahara kwa kuangalia. Yatumie."

"Basi ielekeze dirishani kwake, nione anavyoonekana."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu ni nyumba ya mtu. Ngoja nikamwombe ruhusa."

Nilidhani anatania. Akashuka. Nilimwona kutoka juu akivuka barabara, ameangalia kulia, kushoto, kulia tena, barabara yenyewe tupu. Baada ya muda taa ya dirisha lile ikawaka, na mshonaji akatokea, futi ya kupimia shingoni. Ni mama wa makamo ambaye sauti yake haihitaji simu. Nilimwona Taratibu akimweleza, kichwa kimeinama, na mama akicheka mpaka akashika fremu ya dirisha.

"Mwanangu!" aliniita. "Nikaeje? Kama picha ya kitambulisho?"

Nilimwomba akae tu kwenye kiti. Nikapiga magoti juu ya ule mto. Bomba lilikuwa jepesi, nikilisukuma kulia picha inakimbilia nisikotaka, lakini vidole vyangu vilishazoea mambo hayo kwenye hadubini. Mwanzoni niliona ukungu wa manjano. Nikazungusha kigurudumu cha pembeni, nikashika pumzi ili miguu itulie, na ukungu ukajikusanya ukawa chumba.

Mshonaji alikuwa ananing'inia kutoka juu kama popo. Kiti chake kilikuwa kimekanyaga dari, yeye ameketi humo kichwa chini, anatabasamu, na nyuma yake mchumba wangu amesimama miguu juu, mikono ameikunja kwa adabu. Kalenda ilikuwepo kweli. Namba zake zote zilikuwa zimepinduka.

Sikushangaa hata kidogo. Vioo ndivyo vinavyofanya, hadubini yangu hupindua vilevile, na nyota haijali ukiiona kichwa chini. Lakini mtu aliyechungulia humu hata mara moja hawezi kusahau kutaja hilo. Lingekuwa neno lake la kwanza.

Nilichukua simu nikampigia dada.

"Nina swali moja. Ulipochungulia, kiti cha yule mwanamke kilikuwa kimekaa wapi?"

"Kiti hukaa wapi? Sakafuni."

"Na sakafu ilikuwa wapi?"

Nilisikia maji yakichemka jikoni.

"Uko wapi wewe?" aliuliza.

"Juu ya paa. Nimechungulia."

Simu ilikatika.

Taratibu aliporudi, amepanda ghorofa nne na kushuka nne na kupanda tena, nilimwambia kwamba hakuna aliyeona kitu, na kwamba nilimhukumu kwa ushahidi ambao ningeukataa kwa mgonjwa nisiyemjua. Nilimwomba msamaha. Alikaa juu ya tofali karibu na tangi.

"Kushukiwa hakukuniuma sana," alisema. "Anayeona bomba limeelekea dirishani lazima ashuku. Hata mimi ningeshuku. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza. Siku tatu, Daktari. Swali moja tu."

Daktari ni jina lake la kunitania, kwa ajili ya lile koti. Safari hii halikuwa na utani ndani yake.

"Nisamehe."

"Nakusikia. Lakini unanijua, sikazi kitu kikiwa na mchanga. Nipe muda."

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua."

Nilidhani ndiyo kwaheri. Lakini aliinama, akaigeuza darubini juu, akaitafuta Zuhura kwa kioo kisichokuza sana kwanza kama afanyavyo siku zote, akanipisha. Ilikuwa nusu duara, kama mwezi mdogo uliosahauliwa na mkubwa. Kila baada ya muda iliteleza kuelekea ukingoni, maana dunia haitulii, na kila ilipoteleza nilisikia mkono wake ukilisukuma bomba kidogo, ikarudi katikati. Aliendelea kunirudishia mpaka paa likaimeza.

Nyumbani nilimkuta dada kitandani kwake na viatu. Hakujitetea.

"Niliona imeelekea kule tu," alisema. "Mengine nilijaza."

"Kwa nini, dada?"

"Mimi nilipoolewa, kila mtu alijua habari za yule bwana. Shangazi, majirani, hata mpangaji wetu. Wakaninyamazia miaka minne, eti wasinivunjie nyumba. Niliapa kwako sitanyamaza." Alivuta shuka. "Kumbe unaweza kumkosea mtu kwa kusema pia."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nilimvua viatu, nikaviweka chini ya kitanda. Nilimwambia kwamba akiona kitu aniambie, lakini alichokiona tu, asiniongezee. Akatikisa kichwa kukubali. Tulilia kidogo, kila mmoja kwa sababu yake.

Ijumaa sikupata ujumbe wowote. Mama alinunua sukari, kisha akauliza kama tuitumie au tuifiche. Pete niliitoa kwenye bahasha, lakini sikuthubutu kuivaa.

Jumamosi saa nne, mlango uligongwa. Alikuwa baba mdogo wake, mzee mfupi mwenye kofia mkononi, na ndugu wengine wawili. Nyuma yao alikuja Taratibu, shati limepigwa pasi mpaka linajisimamia. Walikaribishwa, wakakaa, wakaulizwa habari za njiani ingawa wanakaa mtaa wa tatu. Dada aliketi karibu na mlango, mwisho kabisa, kama mtu anayejiandaa kutoka.

"Kijana wetu ametuambia kuna swali hakuulizwa," baba mdogo alianza. "Hakutuambia ni swali gani, nasi hatukumchimba. Amesema tuje, aulizwe mbele ya watu wote. Akijibu, ndipo tuzungumze."

Wote wakanigeukia. Mama alinikazia macho. Nilisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Una mwanamke mwingine?"

Sasa, mtu mwingine yeyote angejibu papo hapo. Taratibu alifikiri. Alifikiri kweli, kama anayepitia droo zote za karakana kabla ya kusema nati haipo. Baba mdogo alianza kumtazama kwa wasiwasi.

"Sina," alisema. "Na sijawahi tangu nikujue." Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, "Na wewe, una mwanamume mwingine?"

Sikutegemea. Lakini ilikuwa haki yake, na ndiyo mara ya kwanza nilipohisi jinsi ilivyo tamu kuulizwa.

"Sina."

"Basi mimi nimemaliza," alimwambia baba yake mdogo.

"Hilo tu?" mzee aliuliza. "Umetuamsha asubuhi yote hii kwa hilo?"

Watu walicheka, kikombe cha kwanza kikamiminwa, na siku ikapangwa: wiki ya pili ya mwezi ujao. Niliivaa pete palepale, bila sherehe. Taratibu aliinama akaangalia kama imekaa sawa, akaizungusha kidogo kwa kidole gumba, akaridhika.

Walipokuwa wakiaga, dada alisimama pale mlangoni, akamzibia Taratibu njia.

"Shemeji," alisema, "hicho kidude chako cha kuangalia nyota. Nitaruhusiwa kuja kukichungulia siku moja?"

"Karibu jioni yoyote, shemeji. Kwani ulikionaje mara ile?"

Dada alimtazama mama, akanitazama mimi, akavuta pumzi.

"Kusema kweli," alijibu mbele ya watu wote, "sikuchungulia."