Mimi Si Geti, Wanzala

"Mwongeli, ni Sister Nereah wa wodi. Mume wako amepiga simu asubuhi, anasema mmeghairi operesheni. Nathibitisha tu kabla sijampa mtu mwingine hicho kitanda."

"Mume? Mume gani? Mimi sijaolewa!"

Mteja niliyekuwa nikimsuka alitulia tuli asikilize. Saluni yangu hapa Kawangware ni ndogo, hakuna siri.

"Alijiita Wanzala."

"Woi! Sister, usimpe mtu kitanda changu. Jumatatu nakuja vile tulipatana."

Nilimaliza hicho kichwa kwa hasira, nikafunga saluni, nikaenda moja kwa moja hadi Makina, Kibera, kwa kibanda cha Wanzala. Huyo ndiye niliyekuwa niolewe naye Agosti. Nilimkuta akichomelea geti. Kuniona, akavua miwani.

"Mwongeli! Mbona hukuniambia unakuja?"

"Na wewe mbona hukuniambia nimekuwa mke wako?"

Akainama.

Nikiwa msichana wa shule, mgongo wangu ulipinda, madaktari wakaunyoosha kwa vyuma viwili na skrubu. Nimeishi navyo miaka mingi vizuri tu. Mwaka huu kimoja kimevunjika, na sasa nikisimama kusuka, maumivu yanashuka mpaka mguuni. Daktari anataka kufungua tena. Hakunificha hatari: naweza kuamka mguu hausikii kitu.

"Mimi nimechomelea chuma tangu nitoke shule," Wanzala akasema. "Ikivunjika ukaiunga, itavunjika tena hapo hapo. Na usipotembea je?"

"Nani amekwambia wanaunga? Wanatoa mbovu, wanaweka mpya. Na kilichokataa kushikana ni mfupa, ndiyo maana chuma kikachoka. Ungeniuliza ungejua. Mimi si geti, Wanzala!"

"Basi tuoane kwanza. Nikuone na gauni, umesimama."

"Ili nikilala milele ubaki na picha? Usinizoee!"

"Naogopa kukupoteza, Mwongeli!"

Machozi yakamtoka mbele ya mafundi wenzake. Nilitaka kumkumbatia, lakini hasira ilikataa.

"Hata mimi naogopa! Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hujawahi kulala na huu mgongo. Nikibaki hivi kwa sababu ya woga wako nitakuchukia, na sitaki kukuchukia. Jumatatu naingia. Ukija kunishika mkono, karibu. Ukija kunirudisha nyumbani, baki hapa na mageti yako."

Hakunifuata. Nililia njia nzima mpaka Kawangware, sitadanganya.

Jumatatu nilijipeleka. Nilikuwa nimeshavaa gauni la hospitali, Sister Nereah anangoja nimpe simu aniwekee, ndipo ujumbe ukaingia na picha. Ilikuwa ukuta wa ploti ninapopanga. Kutoka mlango wangu mpaka chooni kulikuwa na chuma kirefu cha kushikilia, kimepakwa rangi nyekundu.

"Nimeiweka ulipotoka asubuhi, caretaker wa ploti alikubali. Ni ya kujifunza kutembea ukitoka. Nisamehe, sikuwa na haki ya kupiga ile simu. Niko hapa chini, askari amekataa niingie kwa sababu mimi si mume wako."

Nilicheka mpaka mgongo ukauma.

"Sister, kuna mwanamume hapo chini. Waambie wamruhusu."

"Ni nani wako?"

"Ni yule mwongo wa simu."

Alikuja akihema, ananuka moshi wa chuma, rangi nyekundu kwenye vidole. Akanishika mkono.

"Hiyo chuma ni ndefu sana," nikamwambia.

"Nilipima mpaka chooni."

"Nitaitumia kidogo tu. Halafu utaing'oa, utengeneze geti ya nyumba yetu."

"Na ikivunjika?"

"Utatoa mbovu, uweke mpya," nikasema, na wakaanza kunisukuma kuelekea chumba cha upasuaji.