Sahani Mbili za Maharage Yasiyo na Chumvi

"Mke wangu, leo umejishinda mwenyewe. Hebu niongeze."

Fundi akampakulia mumewe sahani ya pili ya maharage, roho nyeupe, kiuno kikijitikisa chenyewe kuelekea jikoni. Nani asiyependa kusifiwa? Tena asifiwe na Kijiko! Huyu ndiye mwanaume ambaye wenye migahawa wakimwona anaingia na simu yake mkononi wanafuta meza iliyokwisha kufutwa. Kazi yake ni kula kwenye migahawa midogo ya mitaani, kisha kuisema kwenye ukurasa wake mbele ya maelfu ya wafuasi: chakula, usafi, huduma, na mwisho anatoa vijiko. Kijiko kimoja, kimbia. Vitano, hama nyumba ukakae karibu. Vitano alikuwa hajawahi kumpa mtu. Kuna mama mmoja aliambulia kimoja kwa sababu, kwa maneno ya Kijiko, supu yake ilikuwa maji yaliyosimuliwa habari za kuku.

Kijiko akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa.

"Tamu?"

"Tamu mpaka kisogoni."

Akaenda kuoga huku anapiga mluzi. Fundi akajipakulia yaliyobaki, akatia mdomoni, akaganda.

Maharage hayakuwa na chumvi. Si kwamba ilipungua. Haikuwepo. Mchana kutwa alikuwa na gauni la bibi harusi kwenye cherehani, akapika huku akili iko kwenye lesi, chumvi ikabaki kwenye kopo lake imetulia. Akaonja tena. Kama kutafuna karatasi iliyolowa.

Mke mwingine angesema, jamani mume mwema, kanivumilia. Lakini Fundi hakuolewa na mvumilivu. Aliolewa na mtu aliyemwambia, wakiwa bado kwenye fungate, kwamba yai lake limekaangwa na mtu mwenye haraka ya kwenda mahali. Leo huyo huyo anafuta sahani? Hapana. Mwanaume wa hivyo akiacha kulalamika kwako, ujue malalamiko amepata pengine pa kuyapeleka.

Simu ya Kijiko ilikuwa inachajiwa juu ya friji. Ikatetemeka. Fundi hakuwa mtu wa kupekua simu. Alikuwa tu mtu wa kupita karibu na friji.

Mtumaji: ULIMI.

"Kesho saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Na umwambie mkeo, jamani. Nimechoka kubeba siri ya ndoa ya watu."

*

"Ulimi?"

Aliyeuliza ni wifi yake, dada yake Kijiko, asubuhi iliyofuata, amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa kana kwamba ndiye mwenye duka.

"Ulimi. Kwa herufi kubwa."

"Wifi, mimi ni damu yake, lakini hapa nimeshindwa kumtetea. Si angemwandika 'Fundi Bomba' kama wenzake?"

"Usinichekeshe, nina sindano mkononi."

"Picha yake ikoje?"

"Hana picha. Kaweka ua."

"Ua!" Wifi akapiga makofi. "Hao ndio wenyewe."

Fundi alikuwa hajalala. Usiku kucha alikuwa anamshona yule mwanamke kichwani: kiuno hiki, nyonga hizi, kucha ndefu nyekundu, sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Kufika alfajiri alikuwa mzuri kiasi kwamba Fundi mwenyewe angempisha njia. Akachukua simu, akafungua ukurasa wa mumewe.

"Sikiliza hii aliyoitoa juzi."

Sauti ya Kijiko ikajaa dukani: "Kitunguu kimeachwa kwenye mafuta mpaka kikasahau ukali wake, ndipo nyanya ikakaribishwa..."

"Kaka yako anajua lini nyanya inakaribishwa?"

"Kaka yangu? Aliwahi kuchemsha maji yakaungua."

"Basi hayo maneno si yake. Gauni nililokata mimi likishonwa na mkono mwingine nalijua hata likiwa ng'ambo ya barabara. Ndani ya huu mdomo kuna mwanamke."

"Toka lini?"

"Toka apone ile homa yake. Nimemkanda kwa maji, nimemlisha uji, nimekesha naye. Kapona, kaenda kumshukuru mwingine!"

Wifi safari hii hakucheka. "Na ukimkuta naye?"

"Begi kubwa la bluu nimeshalitoa chini ya kitanda. Nikikuta ni kweli, jioni analikuta mlangoni, nguo zake zimekunjwa vizuri. Sitaki aseme nilimfukuza ovyo."

"Basi funga duka, twende. Mimi ndiye nitakayelibeba, wewe mgongo wako mbovu."

*

Kijiko alikuwa ameaga anakwenda benki. Wakamvizia njiani, wakamfuata kwa mbali, wifi amejifunika mtandio mpaka puani utafikiri ndiye anayefumaniwa. Akapita benki ya kwanza. Akapita ya pili. Akaingia kwenye mgahawa mdogo wenye mapazia ya kijani.

"Huu hajawahi kuusema kwenye ukurasa," Fundi akanong'ona.

"Sasa autangaze ili iweje? Kizuri unakula peke yako."

"Wifi, uko upande gani?"

"Wako, wako. Mdomo tu unateleza."

Wakasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha. Kijiko kakaa. Katoa kwenye mfuko kontena la chakula, kalifungua. Mwanamke akaja, akavuta kiti, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa Kijiko. Mkononi mwake! Akachota, akala, akafumba macho. Na Kijiko akamtazama mdomo. Alimtazama vile anavyotazama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Fundi akafungua mkoba. Akapiga simu. Akamwona mumewe anaitoa mfukoni, macho yakiwa bado kwenye mdomo wa mwenzake.

"Haloo, mke wangu."

"Uko wapi?"

"Benki hapa. Foleni yake usiseme."

Nyuma yake mtu akapaza sauti: "Chai mbili na mayai, meza ya mlangoni!"

"Baba, benki yenu siku hizi inatoa na mayai?"

"Eh?"

"Geuka dirishani."

Kijiko akageuka. Simu ikamponyoka, ikaingia kwenye kontena.

*

Kwa karibu, mwanamke yule alikuwa mtu wa makamo yao, mnene kiasi, aproni ina madoa ya nyanya, kucha fupi za mtu wa jikoni. Fundi akajiona amedhulumiwa. Gauni zima alilomshonea usiku halikumwenea hata bega.

"Wewe ndiye Ulimi?"

"Mimi hapa ni mhudumu. Huko kwenye simu kaniandika anavyojua yeye. Na wewe ndiye mke. Afadhali umekuja. Kaa, dada."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, ila usinizibie njia, nina chai ya watu."

"Unakula kwa kijiko cha mume wangu?"

"Kijiko ni cha mgahawa. Mumeo ndiye huyo, sijamgusa hata ukucha."

"Kaka, sema neno," wifi akadakia. "Mimi nimeshaahidi kubeba begi."

Kijiko, mtu mwenye maneno ya kumfungisha mama wa watu biashara, akaichomoa simu kwenye kontena, akaifuta kwa shati. Akasukuma kikombe chake cha chai mbele ya mkewe.

"Tia chumvi."

"Unanitania?"

"Tia, mama. Kadiri utakavyo."

Fundi akachukua kopo la chumvi mezani na kijiko. Akatia. Akatia tena. Hasira ikamwongoza mkono, akainamisha kopo lenyewe. Wateja wakaacha kutafuna. Kijiko akakoroga, akainua, akanywa mpaka tone la mwisho, uso haukukunjamana, jicho halikupepesa.

"Sasa niulize ilikuwaje."

"Ilikuwaje?"

"Ya moto." Akaweka kikombe. "Basi. Najua ya moto na ya baridi. Ile homa ilipoondoka iliondoka na kila kitu. Limau, samaki, dawa ya meno, vyote kwangu ni kitu kimoja."

Fundi akamtazama kama anamwona mara ya kwanza. Mhudumu akarudi, sinia tupu kwapani.

"Mimi nilimgundua kwa bahati mbaya. Jikoni walichanganya makopo, chumvi ikaingia kwenye birika la chai. Mgahawa mzima wanatema, wanatutukana mpaka bibi zetu. Huyu kamaliza, anaagiza nyingine! Nikamwambia, kaka, wewe una tatizo. Akalia. Hapo hapo alipokaa."

"Alilia?"

"Kama mtoto. Toka siku hiyo ananiletea chakula cha kwa watu, naonja, namwambia, anaandika. Nikamwambia, haya mwambie mkeo. Kesho, kesho, kesho."

Fundi akakaa. Kumbe hapakuwa na busu, hapakuwa na kucha nyekundu, na bado moyo ulikuwa unaungua vile vile, pengine zaidi.

"Ningekukuta unambusu ningejua pa kuanzia," akasema taratibu. "Lakini machozi? Mbele yangu hujawahi kutoa hata la kuingiwa na mdudu. Nimelala na wewe kitanda kimoja, siri yako ikalala na mtu mwenye aproni."

"Wewe ndiye niliyekuogopa."

"Mimi!"

"Unakumbuka siku nilipoleta suruali kupunguzwa? Ulikuwa unakula wali kwenye bakuli la plastiki. Ukaniambia, usinikodolee, karibu. Nikala kijiko kimoja. Vile vitano ambavyo sijampa mtu, nilikupa wewe pale pale, kimoyomoyo. Sasa ningekuja kukwambia nini? Kwamba chakula chako siku hizi ni pamba? Nikaona nisifu tu. Nilikuwa nakumbuka kilivyokuwa, nasifu hicho."

"Na jana ulisifu nini?"

"Maharage."

"Hayakuwa na chumvi."

Kijiko akameza mate. "Kidogo?"

"Hata punje."

"Na mimi nikaongeza."

"Ukafuta na sahani."

Wifi alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, lakini kicheko kikampasuka puani. Mzee wa meza ya mlangoni akafuatia, kisha mhudumu, kisha Kijiko mwenyewe, anacheka huku machozi yanamshuka. Fundi hakucheka. Alikuwa anayatazama yale machozi. Akanyoosha kidole, akayafuta kabla mwenye aproni hajasogea na kitambaa.

"Niachie. Haya ni yangu."

"Yako, dada, yako," mhudumu akasema, mikono juu.

"Na wewe sikiliza. Wafuasi wako utawaambia ukweli, leo, hapa hapa. Kama watakuacha, wakuache. Hospitali tutakwenda wote. Na wa kukuonjea, kuanzia sasa, ni huu." Akatoa ulimi wake nje, mbele ya wateja wote, bila haya.

"Nashukuru sana," mhudumu akasema. "Nimenenepa kwa ajili ya ndoa yenu."

"Na begi?" wifi akauliza.

"Lirudi chini ya kitanda." Fundi akamkata mumewe jicho. "Ila lisisukumwe mpaka ukutani."

*

Kijiko alisema yote mbele ya simu yake, bila kujipamba. Wapo waliomwita tapeli wakaondoka. Yule mama wa supu alitoa maoni marefu kuliko yote, akamalizia kwa kumtakia apone ili aje aombe radhi. Waliobaki wakaanza kumpenda mwonjaji mpya, fundi cherehani asiyecheka, anayesema samaki huyu kakaangwa upande mmoja, wa pili umeachiwa Mungu.

Mgahawa wao wa kwanza kuusema pamoja ulikuwa wa mapazia ya kijani. Fundi aliingia amedhamiria kutoa kijiko kimoja. Akaonja supu. Akaudhika. Supu ilikuwa nzuri.

"Vingapi?" Kijiko akauliza, simu imemwelekea.

"Vinne na nusu."

"Hiyo nusu imekwenda wapi?"

"Nimeikata kwenye huduma. Mhudumu anawachekea mno waume za watu."

"Nimekusikia!" sauti ikatoka jikoni.

"Ndiyo nia yangu!"

Jioni hiyo akachukua simu ya mumewe waziwazi, akafuta jina, akaandika "Mhudumu wa Supu". Lile jina la ULIMI akalihamishia kwenye namba yake mwenyewe, kwa herufi kubwa zile zile.

Daktari aliwaambia wasubiri, inaweza kurudi, inaweza isirudi. Wakasubiri. Fundi akawa akipika anaeleza: hapa kuna ukali, hapa utamu unakuja nyuma, na Kijiko anakula anaitikia kama mtu anayesimuliwa mji ambao aliwahi kuishi.

Ikawa siku moja wako mezani, maharage tena, Fundi anaongea habari za mteja aliyebadilisha mtindo wa gauni mara sijui ngapi. Kijiko akaweka kijiko chini.

"Mke wangu."

"Abee."

"Chumvi imezidi."

Fundi akageuka kama aliyechomwa. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Nani? Nimeyapika mwenyewe, nimeonja mwenyewe nikaona imezidi, sijakwambia! Umeongea na nani?"

"Mama, niko na wewe toka asubuhi." Akachota tena, akaweka mdomoni, akafumba macho. "Imezidi. Tena imezidi vibaya. Hii hata ng'ombe angekataa."

Siku za nyuma neno kama hilo lingemlaza Kijiko sebuleni. Fundi alikaa, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumcheza.

"Sema tena."

"Chumvi imezidi."

"Vijiko vingapi?"

"Viwili. Na kimoja ni cha huruma."

"Mungu wangu," Fundi akasema, analia, anacheka, anavuta simu ampigie wifi. "Viwili! Mume wangu kanipa viwili!"