Sukari ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alijitoboa ncha ya kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo na kusubiri. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake kwa sababu ya maneno mengi. Siku hizi hakuwa na la kusema. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili akiishi na kisukari, na sukari yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka ovyo.

"Kumi na tisa," alisoma kwa sauti ndogo asubuhi moja. Ilipaswa kuwa chini ya kumi.

Mama yake, fundi cherehani, aliacha kupiga pasi. "Jana ulikula nini?"

"Ulichonipakulia tu, mama."

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Sukari haipandi yenyewe."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa kifungo. Mama alifunga kabati la jikoni kwa ufunguo, akawa anapekua mkoba wake wa shule, akamkataza netiboli. Akitoka shule, Chiriku aliketi kwenye kigoda kando ya cherehani akiokota vipande vya nyuzi, huku kelele za wenzake zikimfikia dirishani. Rafiki yake alipokuja kumwita, mama alijibu bila kuinua macho, "Leo hachezi."

"Na kesho, mama?"

"Hata kesho."

Peremende hakula hata moja, lakini nani angemwamini?

Alasiri moja, akiwa pale pale kwenye kigoda, mikono ilianza kumtetemeka. Jasho likamtoka, sauti ya cherehani ikawa inasikika kwa mbali. Mama alimpima haraka. Mbili nukta nane. Alikoroga sukari kwenye maji, akamnywesha, akamkumbatia mpaka alipotulia.

"Tangu utoke shule hukutoka machoni pangu," mama alisema taratibu. "Asubuhi ilipanda, sasa imeshuka. Basi si peremende, maana peremende hazishushi sukari."

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi aliuliza swali moja tu. "Insulini unajichoma wapi?"

"Pajani."

Muuguzi alilipapasa paja, akakuta uvimbe uliobonyea kama mpira chini ya ngozi. "Siku zote hapa hapa?"

Chiriku aliinama. "Hapo hapaumi. Mama aliniambia nibadilishe sehemu, nami nikawa naitikia tu."

"Ngozi ya hapa imechoka. Leo dawa inakwama, kesho inapenya yote kwa mpigo. Ndiyo maana sukari inayumba."

Alimwonesha sehemu nyingine za kuchoma, akapunguza dozi, akaagiza apimwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa sasa dawa ingefanya kazi barabara.

Sindano ya kwanza tumboni ilimtoa machozi. Ya pili ilikuwa afadhali. Baada ya wiki chache sukari ilitulia. Siku nyingine ilipanda kidogo, ila haikurukaruka tena.

"Nilikushuku bure," mama alimwambia jioni moja. "Nisamehe, mwanangu."

"Na mimi nilikuficha, mama."

"Ulinificha, ndiyo. Ungesema sehemu nyingine zinauma, tungetafuta njia pamoja. Mwili ukikusumbua, sema mapema, hata kama unaona aibu. Na mimi nitasikiliza kabla ya kulaumu. Kipimo kinatuonesha tatizo, hakimtafuti mkosaji." Akatazama mlangoni. "Haya, jipime, kisha uende. Rafiki yako amesimama pale mpaka ataota mizizi."