Sahani Iliyosukumwa

Gambuti za Twalib Ochola zilikuwa bado zinachuruzika maji ya machinjioni alipokatiza katikati ya soko la Migori. Ilikuwa siku ya soko, watu wamebanana, na mtu mwenye mkokoteni alikuwa akipiga mluzi apishwe. Twalib akaruka pembeni. Mguu wake ukatua juu ya dera jeupe lililotandazwa kwenye turubai.

"Yawa! Wewe!" mwenye biashara akapiga kelele. "Hizo gambuti zako hazina macho?"

"Macho ninayo mimi, dada. Zenyewe hazina. Pole sana."

"Pole itafua?"

Mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa wa omena kando yao, Dolphine, akadakia. "Mshike, Ramla! Asiende! Watu wa machinjioni hutembea kama ng'ombe wao."

Ramla Akoth aliinuka akajishika kiuno. Alikuwa amevaa dera la samawati lenye maua madogo, na mtandio wa njano ulioanza kumtoka kichwani kwa hasira. Twalib aliacha kulitazama dera, akamtazama yeye.

"Nitalinunua," akasema.

"Utalivaa wewe?"

"Nitamwekea mke wangu."

"Ana mwili gani huyo mke?"

"Bado sijampata. Wewe unavaa saizi gani?"

Dolphine alicheka mpaka akamwaga omena. Ramla alijaribu kununa, akashindwa. Akalikunja lile dera lenye alama ya soli na kumfungia ndani ya gazeti.

Ramla alikuwa akitoka Homa Bay kila siku ya soko. Baba yake, Mwislamu aliyefanya biashara ya samaki, alikuwa amefariki. Mlezi wake sasa alikuwa kaka yake Masoud, fundi wa simu. Twalib naye alizaliwa Suna, hapo hapo Migori, na hakuwahi kutamani kuhama. Basi mapenzi yao yalikaa kwenye simu.

"Jaber, umeamkaje?"

"Jaber gani? Nani mzuri saa hizi, sijaosha hata uso?"

"Mimi nakuona kwa moyo."

"Moyo wako una damu ya ng'ombe. Nenda kazini."

Ramla akikata simu, alikuwa akitabasamu peke yake mpaka chai inapoa.

Kazi ya Twalib ilikuwa kuchinja. Asubuhi alikuwa machinjioni, na siku nyingine aliitwa matangani. Sehemu hizi, Mkristo akifiwa na kutaka kulisha umati, humtafuta Mwislamu amchinjie ng'ombe, ili asiwepo mgeni wa kukaa njaa. Babu yake Twalib aliifanya kazi hiyo, na baba yake pia. Hakuna aliyeiona kuwa jambo kubwa. Ilikuwa adabu tu, watu wale pamoja na kumzika mtu wao.

Kisha Waislamu wa mji ule, ambao hata wakiitwa wote hawajazi msikiti mmoja, wakawa na misikiti miwili. Kundi jipya lilisema Maulidi ni uzushi, anayeyasoma ametoka katika dini, na mnyama aliyechinjwa na mtu huyo ni mzoga. Kundi la zamani likajibu kwamba hao wapya ni watu wa vurugu na dawa yao ni polisi. Uchaguzi ulipoanza kunukia, mwanasiasa mmoja akawapelekea wa zamani mazulia. Mpinzani wake akawapelekea wapya vipaza sauti. Kuanzia hapo hata salamu ilihesabiwa kama kura. Ukiitikia ya huyu, umemnyima yule. Mungu atusamehe, tulimwomba Yeye kwa vinywa vilivyokuwa vimechoka kutukana.

Upepo huo ulifika Homa Bay. Masoud, ambaye baada ya kumzika baba yake alikuwa mpweke sana, alipata ndugu katika kundi jipya. Walimtembelea alipougua. Walimbebea saruji alipojenga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshikwa mkono wakati alipohitaji, na sasa hakujua namna ya kuuachilia.

"Huyo mchinjaji wako anasoma Maulidi," alimwambia dada yake.

"Anasali swala tano pia, kaka."

"Atoe shahada upya mbele ya watu. Ndipo nitakuoza."

"Atoe shahada upya? Kwani ile ya kwanza aliiazima?"

Masoud hakucheka. Hata hivyo hakusema hapana, na Ramla alishika hapo. Wazee wa Twalib walikuwa wamepanga kuja Homa Bay kumposa baada ya Maulidi. Dada akiwa na subira, aliwaza, kaka atalainika.

Siku ya Maulidi Ramla alikwenda Migori, atambulishwe rasmi kwa mara ya kwanza mbele ya jamaa za Twalib. Alivaa buibui jipya na mtandio wa rangi ya zambarau, na alikuwa amefunga. Alikuwa na siku za Ramadhani za kulipa, zile ambazo mwanamke huzikosa kwa udhuru wake wa kila mwezi, na ambazo huzilipa kimyakimya bila kuwatangazia wanaume. Aliambiwa karamu ni baada ya magharibi. Angefuturu pamoja na wengine na hakuna ambaye angejua.

Lakini mheshimiwa, yule mwanasiasa wa mazulia, alikuwa na mkutano mwingine Sori, kule ziwani. Akataka pilau ligawanywe saa nane mchana ili apigwe picha akigawa. Sufuria zikafunuliwa. Twalib mwenyewe, kanzu imemkaa vizuri, aliibeba sahani ya Ramla kwa mikono miwili. Ng'ombe wa karamu alikuwa amemchinja yeye mwenyewe alfajiri. Vipande vizuri alikuwa amemchagulia.

"Karibu, jaber," akanong'ona.

Simu za watu zilikuwa juu, zote zimemlenga mheshimiwa aliyesimama nyuma yao. Ramla alimtazama Twalib, akatazama zile simu, akaona aibu ikimpanda usoni. Akaisukuma sahani kwa kiganja, taratibu.

"Siwezi," akasema.

Ilitosha. Kabla ya alasiri picha ile ilikuwa imeenea Migori na Homa Bay. Kundi jipya liliandika, "Dada amekataa mzoga mbele ya macho yao." Kundi la zamani liliandika maneno ambayo sitayarudia hapa.

Jioni Twalib alipiga simu. Ramla alipokea akiwa sebuleni, na Masoud amekaa kwenye kiti mkabala naye.

"Kwa nini hukula?"

"Nilikuwa na sababu."

"Sababu gani, Ramla?"

Alimtazama kaka yake. Mambo ya mwezi hayasemwi mbele ya kaka.

"Sema tu," Twalib akasema. "Mikono yangu ni ya kafiri, sivyo? Kaka yako amekufundisha."

"Twalib, umenijua muda wote huu, na hilo ndilo linalokujia kwanza?"

"Mimi nimeona kwa macho yangu."

"Basi baki na macho yako."

Alikata. Usiku ule na siku zilizofuata alimsubiri apige tena amwulize kwa upole. Twalib naye alisubiri aombwe radhi. Simu zao zilikaa na chaji kamili.

Sokoni Migori, wanawake waliokuwa wakinunua kwa Ramla walipita turubai lake wakitazama mbele. Wengine ambao hakuwajua walimjia na kumbusu mikono, wakamwita shujaa, na hao ndio waliomchosha zaidi.

"Kwani ulikataa pilau tu ama ulivunja msikiti?" Dolphine alimwuliza.

"Nilikuwa nimefunga, Dolphine."

"Ai! Si useme!"

"Nimwambie nani? Wote wameshajua wanachokijua."

Dolphine alichota omena, akazirudisha. "Dini yenu sijui, na mimi kanisani kwetu tumegawanyika kwa sababu ya kinanda. Lakini mwanamume wako ni mjinga. Na wewe una kiburi. Mnafaana kabisa."

Ramla aliacha kwenda Migori. Miezi ikapita.

Ramadhani nyingine ilikuwa imekaribia wakati Filister, bibi yake Ramla mzaa mama, alipofariki huko Asumbi. Dani Filister, ndivyo walivyomwita bibi kwa Kijaluo, alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari mpaka shanga zikalainika. Ndiye aliyewalea Ramla na Masoud walipokuwa wadogo na mama yao mgonjwa. Ramadhani zote walizokuwa kwake aliwaamshia daku, ingawa yeye hakufunga. Alikuwa akisema mtoto hafungi vizuri kama hajala vizuri.

Mjomba wao Nashon alitaka ng'ombe achinjwe kama desturi, wageni wale wote. Akampigia mchinjaji pekee aliyekuwa na namba yake. Hakujua habari ya sahani. Twalib aliposikia jina la marehemu, alijua ndiye bibi yake Ramla. Angeweza kusema ana kazi nyingine.

"Nitakuja, mzee," akasema.

Alifika na kisu chake ndani ya kitambaa, gambuti zimeoshwa. Ramla alikuwa akimenya vitunguu na wanawake wengine. Alimwona, kisu cha vitunguu kikamtoka. Ramla alikuwa amekonda. Hata yeye Twalib alikuwa amekonda. Hawakusalimiana.

Masoud alikuwa amekuja na wenzake watatu. Walisimama mbali na turubai, karibu na ua, wakinywa soda.

"Kumchinjia kafiri kwenye matanga," mmoja akasema kwa sauti ili asikike. "Na anayechinja ni huyo wa Maulidi. Mzoga juu ya mzoga."

"Marehemu ni bibi yangu," Masoud akasema.

"Tunajua, ndugu. Ndiyo maana tumekuja tukusimamie usiteleze."

Ng'ombe alikuwa dume mkubwa na mkali. Vijana wa boma walimfunga miguu wakamwangusha, lakini walimwangusha vibaya, kichwa kimeelekea migombani. Twalib akawaomba wamgeuze kwa kibla. Walivuta, wakateleza, mmoja akapigwa teke la goti. Wakaanza kusema, mwacheni hivyo hivyo, kisu ni kisu.

Masoud alikuwa akitazama. Dani Filister, kila alipomkamata kuku wa Iddi achinjwe, alikuwa akimwuliza, "Masoud, Makka ni wapi vile?" na yeye, mtoto mdogo, ananyoosha kidole kaskazini kwa fahari. Soda ikamtoka mkononi. Akavuka ua, akakunja kanzu yake, akashika pembe.

"Vuta huku!" akawaambia vijana. "Huku, kaskazini! Mmoja akalie mgongo!"

Dume likageuzwa. Masoud akabaki ameshika pembe, jasho linamtiririka kwenye ndevu, uso wake karibu kabisa na uso wa Twalib.

"Bismillahi, Allahu Akbar," Twalib akasema, akapitisha kisu.

Walipoinuka, wale wenzake watatu walikuwa wameona. Kama mtu anaamini huyu ni kafiri na nyama yake ni mzoga, kibla cha nini? Hawakuuliza. Mmoja aliiweka chupa yake chini taratibu, wakaondoka bila kuaga. Masoud aliwatazama mpaka wakapotelea barabarani. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na palepale akaanza kuukumbuka.

Baada ya mazishi watu walikula. Twalib alikaa pembeni peke yake. Mtu akamsogelea na sahani. Twalib akainua macho, akaona mtandio mweusi.

"Umenijazia mno," Twalib akasema.

"Ni yangu. Nishikie," Ramla akasema, na hakupunguza sauti. Wanawake wa jikoni waligeuka, na Mjomba Nashon akaacha kutafuna. "Nimefunga. Ninalipa za Ramadhani iliyopita, hii ndiyo ya mwisho. Hata siku ile ya Maulidi nilikuwa ninalipa."

Twalib aliipokea sahani, akaiweka magotini. Alifumba macho. Alikuwa na dada watatu, na mama. Alijua mambo hayo tangu utotoni, na hata mara moja hayakumpitia akilini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya mheshimiwa? Mbele ya simu zote zile?"

"Na nilipokupigia?"

"Hukunipigia kuniuliza. Ulinipigia kunihukumu."

"Ni kweli." Akamgeukia. "Ramla, nimekukosea."

"Umenikosea sana. Na mimi nilinyamaza mpaka nikaona raha ya kunyamaza. Nimechoka, Twalib. Nimechoka na hawa wenu na hao wetu."

"Nisamehe."

"Nifunikie chakula kisipoe," akasema, akaketi kwenye kiti cha pili.

Wakangoja. Wageni walianza kutawanyika, viti vikakunjwa, moshi wa jikoni ukalala chini. Masoud akaja na ndoo ya maji akanawa mikono mbele yao, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Waambie wazee wako waje," akasema bila kumtazama Twalib. "Lakini Maulidi yenu sijayakubali."

"Sikuja kukuomba uyakubali, shemeji."

"Na bado hujawa shemeji."

"Umekula, kaka?" Ramla akamwuliza.

Masoud akakung'uta maji mikononi. Akaangalia kaburi jipya la bibi yao, udongo wake bado mwekundu na mbichi.

"Nipakulieni kidogo," akasema. "Kidogo tu."

Kengele ya misheni ilikuwa imelia zamani, na jua likazama nyuma ya vilima. Ramla alisema dua yake chinichini, akanywa maji, kisha akafunua sahani. Twalib alimtazama akichukua kipande cha nyama, akikitia kinywani, akitafuna.

"Lile dera jeupe bado ninalo," akamwambia. "Alama ya gambuti imekataa kutoka."

"Nitalivaa hivyo hivyo." Alitafuna tena, akakunja uso. "Nyama haina chumvi."

"Mimi huchinja tu, jaber. Sipiki."

"Basi utajifunza," akasema, akaisukuma sahani katikati yao, upande wa Twalib.