Guku wa Tangi la Tatu

Tangi la tatu lilianza kunukia ubani. Tangi la dizeli! Tena kwenye meli kuukuu ya mafuta, iliyoundwa wakati wa vita vya Hitla, ikachakaa pwani miaka na miaka, kisha ikakatwa vipande, ikapandishwa treni na kuungwa upya ziwani. Siku hiyo ilikuwa imetia nanga Nassa ili matangi yaoshwe. Wenye akili zao walirudi nyuma. Ndaki, fundi wa pampu, alicheka.

Alikuwa na dharau huyo, Mungu amsamehe. Alimdharau nahodha, akaidharau meli, na zaidi ya wote alimdharau baharia mwenzake aliyetoka Tanga, ambaye kila mtu alimwita Mtanga.

"Huyo jini amekuja na meli toka pwani," Mtanga alinong'ona kwenye tundu la tangi, ameishika kamba ya Ndaki. "Ukimsikia huko chini usiseme naye. Ijumaa nitamleta shehe amfukuze."

"Kwenda zako! Majini yenu yaacheni huko huko kwenye minazi. Huku ni Usukumani."

Akashuka na ndoo na brashi, kamba kiunoni, mchana kweupe. Hajasugua hata mara tatu, akasikia mtu anakohoa nyuma yake, kikohozi cha mzee. Akageuka. Hakuna mtu. Kisha ukuta ukagongwa, ko, ko, ko, taratibu, karibu na sikio lake.

Mwingine angevuta kamba. Huyu akajiona mjanja. Kwao Sapiwi, kikohozi cha namna hiyo ni cha marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Unampa pombe, unamtaja jina, yanaisha. Akapanda juu, akarudi na chupa ya pombe ya mtama, akaimimina mle tangini.

"Guku Nyanda," alisema, akimtaja babu yake mzaa baba, "kama ni wewe, kunywa. Nyumbani ni kwako. Tuache tufanye kazi."

Kimya. Harufu nayo ikakata. Loo, hayo majigambo sasa! Kila kisiwa walichoshusha dizeli, Ndaki alisimulia alivyolituliza jini la watu wa pwani kwa chupa moja tu. Mtanga alihama meli bila kuaga.

Miezi mitatu baadaye mke wa Ndaki, Gloria, akajifungua mtoto wa kiume. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika kabla yake. Ndaki alipofika Sapiwi siku ya sita, alikuta mtoto analia tangu azaliwe, hanyonyi, amebaki mifupa, na zahanati wanasema hana ugonjwa.

Mama yake Ndaki, Philomena, alikuwa akimtajia kichanga majina ya wazee, maana mtoto akisikia jina la marehemu anayemtaka, hunyamaza.

"Luhaga." Kilio. "Jilala." Kilio. "Nyanda."

Mtoto akanyamaza.

"Ajabu," alisema Philomena kwa sauti ya chini. "Nyanda si alishatulia? Kaka yako Paschal alimpa mwanawe jina hilo zamani. Huyu Nyanda ni yupi tena?"

Ndaki akatoka nje, akampigia Mtanga simu, akamsimulia habari ya mtoto.

"Ulimpa jina?" Mtanga aliuliza.

"Nilimpa. Na nyumbani nilimkaribisha."

"Basi si mgeni tena. Shehe atamfukuzaje mtu kwao?"

Ndaki akakimbilia ndani akipiga kelele kwamba mtoto aitwe Fredrick, aitwe Marcelo, aitwe lolote, na kila jina alilolitaja mtoto alipaza sauti zaidi, akakakamaa, midomo ikageuka ya bluu, pumzi ikakatika, na Gloria akamvaa mumewe kifuani akilia, "Mtaje, baba, mtaje, anakufa!", mpaka yule fundi aliyedharau kila mtu akapiga magoti mbele ya kitanda, akainamisha kichwa, akasema kwa adabu ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote:

"Shikamoo, Guku Nyanda."

Kichanga kikavuta pumzi, kikafumbua macho, kikamtazama.

"Marahaba, mjukuu wangu."