Mpira wa Breki ya Kushoto

"Sangara asiruke. Rudia."

"Sangara hataruka," Jovitha Kahigwa akajibu. Akaizima redio ya Motorola na kuisukuma chini ya gunia la mbegu za pamba.

Sauti ile ilikuwa ya Dorotea, mkuu wake wa kazi ya upelelezi, aliyejibanza na askari nyuma ya vilima vya Misungwi. Hawakuweza kusogea. Uwanja ule wa ndege ulikuwa mweupe, hauna hata kichaka, na vumbi la Land Rover lingeonekana kabla injini haijasikika. Rubani angeruka. Bunduki za magendo alizobeba zingevuka ziwa, na ng'ambo watu wangezikwa.

Kwa hiyo ndege, Sangara kwa jina la siri, ilipaswa kugoma yenyewe.

Ilikuwa ndege ya Mzee Nkwabi, fundi wa zamani wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipobinafsishwa alipewa asante na kuonyeshwa mlango. Wenzake walifungua vibanda vya soda. Yeye, kwa akili alizozijua mwenyewe, akaanza kuunda ndege ya kubeba wagonjwa wa visiwani. Mkewe alivumilia, kisha akarudi kwao Nansio. Ndipo akatokea mgeni kutoka Ulaya aliyejiita Alexander, akaleta injini ya Lycoming na maneno matamu. Mzee akaamini. Masikini, nani asingeamini?

Lakini breki zilimshinda. Alifunga mipira ya kupitisha mafuta ya breki iliyotoka kwenye lori, ikapasuka kwenye majaribio. Hapo Jovitha akabisha hodi, na mpira mpya wa Aeroquip begani, uliovikwa nyuzi za chuma. Alijitambulisha kuwa fundi wa mipira ya mitambo kutoka Dar.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee alisema, akampa kigoda na vifaa vyake mwenyewe.

Walifanya kazi pamoja. Mzee alimwonyesha kuzungusha utepe kabla ya kukata kwa msumeno, nyuzi zisitawanyike. Alimwonyesha kupenyeza ringi ya shaba kati ya nyuzi na mpira wa ndani, taratibu, bila kuukwaruza. Jovitha alimpenda mzee yule. Hilo halikuwamo kwenye maagizo.

Mpira wa kulia aliutengeneza kwa uaminifu.

Wa kushoto aliuchana kwa ndani, akaacha ulimi mwembamba. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta yanapita. Ukiachia, ulimi unaziba, mafuta hayarudi, na gurudumu linabaki limebanwa. Rubani angekanyaga, angekoleza injini, angeachia. Ndege ingezunguka palepale kama mbuzi kwenye kamba mpaka askari wafike. Alexander, rubani mwenyewe, angekuwa peke yake ndani. Ndivyo alivyojipangia.

Asubuhi ya safari mzee aliupima mpira wa kushoto kabla ya kuufunga. Akaujaza mafuta kwa pampu. Haukuvuja. Akayamwaga, akaupuliza kwa mdomo. Pumzi ikapita.

Kisha akaugeuza.

Mkono wa Jovitha ukaingia ndani ya kitenge, ukaishika bastola yake ya Makarov.

Mzee akaufikisha mpira mdomoni, akasita, akatabasamu. "Wa kwako sina haja ya kuupuliza mara mbili, binti."

Akaufunga.

Hilux ikaleta masanduku yaliyoandikwa nyavu. Alexander akapanda. Ndipo Mzee Nkwabi akajifuta mikono na kuinua mguu wake mbovu kuelekea kiti cha pili.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Karakana yetu ya kiwandani ilikuwa na sheria. Aliyefunga breki anapanda kwenye majaribio."

"Nimetengeneza mimi. Nipande mimi."

"Umetengeneza kwenye banda langu. Kinachotoka kwenye banda langu ni changu."

Neno moja tu lingemshusha. Lakini neno hilohilo lingemwamsha Alexander, na masanduku yangepata njia nyingine. Jovitha alikuwa nalo ulimini. Akalimeza.

Injini ikanguruma. Breki zikaachiwa.

Gurudumu la kushoto likakataa.

Ndege ilizunguka, sawasawa na hesabu. Masanduku hayakuwamo kwenye hesabu. Yalihamia upande mmoja yote kwa pamoja, mguu wa kulia wa ndege ukavunjika, bawa likapiga mwamba.

Vumbi la Land Rover likatokea vilimani.

Alexander akatambaa nje na bastola. Jovitha akafyatua risasi moja tu, ikampata kiganjani. Bastola ikaanguka.

"Safari imekwisha," akamwambia.

Mzee Nkwabi walimtoa goti limesagika. Hakuuliza habari za goti. Sajini akauliza ndege ni ya nani.

"Yangu."

Na breki?

Mzee akamtazama Jovitha. "Nimefunga mimi. Huyu ni mgeni tu, muacheni aende. Kosa ni langu, sikuupuliza upande wa pili."

Wakamfunga pingu akiwa amelala chini.

Jovitha akamvuta Dorotea kando. Akamwambia mzee hajui lolote, yeye yuko tayari kusimama kortini aseme hivyo.

"Utasema wewe ni nani?" Dorotea akauliza kwa upole. "Alexander ataongea nasi, kisha atarudishwa kwao. Kortini lazima asimame mtu. Na wewe hukuwapo hapa."

Jovitha aliijua kazi ile. Alienda kwenye gurudumu la kushoto, akaufungua mpira, ushahidi pekee wa alichofanya, kwa spana ya mzee, akairudisha spana mahali pake bandani. Akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea barabara ya Shinyanga bila haraka. Askari mmoja alimwona, akadhani anatoka shambani.

Barabarani akautoa mpira, akaupuliza. Pumzi ikapita.

Akaugeuza. Haikupita.

Akautupa mtaroni, akainua mkono kusimamisha lori la kwanza.