Damu Iliyotangulia Risasi

Digrii alikuwa na shahada ya wanyamapori, GPA ya kutambiwa na ukoo mzima, na kazi yake ilikuwa kushika kamba ya mbwa. Basi. Miaka mitatu alisambaza sivii mpaka karani wa steshenari akaanza kumwita shemeji. Mwishowe Mjomba, mkuu wa wafuata nyayo kwenye kambi ya uwindaji, akamwonea huruma.

"Njoo, mpwa wangu. Huku angalau utasoma kinyesi chenyewe, siyo picha yake."

Jioni moja Mjomba hakutoka kambini. Homa ilikuwa imemlaza tangu asubuhi. Na mgeni aliyekuja kuwinda, mwenye bunduki ghali na mkono wa kutetemeka, alikuwa amempiga nyati dume, akampiga vibaya. Nyati aliyejeruhiwa hachagui adui, na alfajiri kina mama wangepita njia hiyohiyo kwenda mtoni. Ilikuwa lazima apatikane, amalizwe.

"Mbwa aanzie pale mnyama aliposimama akapigwa," Mjomba alimfundisha mpaka akachoka kusikia. "Achague upande mwenyewe."

Lakini pale palikuwa ndani ya miiba. Dereva wa gari la mgeni alikuwa amepawekea alama ya kitambaa chekundu. Digrii aliona tone bichi barabarani, akaona na jua linavyozama, akasema moyoni, damu ni damu. Akaanzia hapo.

Mbwa aliitwa Wakili, kwa kuwa habweki bila ushahidi. Akashusha pua. Akavuta.

Tone. Tone. Jani limepakwa. Damu nyepesi, ya waridi, yenye mapovu. Ya mapafu. Mnyama wa damu hiyo haponi, hata umwombee.

Kisha mbele yake, kwenye mwiba, kikapepea kitambaa chekundu.

"We Digrii!" Dereva alicheka kutoka kwenye gari. "Nyati kaenda kule, wewe unarudi alikotoka! Huko chuo mlifundishwa kinyumenyume?"

Digrii aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akavuta kamba. Wakili hakugeuka. Akapita kitambaa, akaendelea.

Tone. Tone.

"Kaka..." Digrii aliita. "Huku pia kuna damu."

Kicheko kikakatika. "Huko? Kabla ya risasi?"

"Kabla ya risasi."

Dereva akawasha gari. "Mimi nampeleka mgeni mbele, tukamtafute. Wewe shika redio. Na usiniambie umeona nini."

Gari likaondoka. Digrii akabaki na kamba mkononi na alama za kwato, zote zikija upande wake. Wakili akamvuta kwa dakika kumi, kichaka kikaisha, na mbele zikawaka taa za kambi.

Damu ilipita nyuma ya jiko. Ikapita kamba ya kuanikia nguo. Ikaishia kwenye chumba cha tatu.

Chumba cha Mjomba.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye vumbi la nje, kwato. Ndani, juu ya saruji, nyayo za miguu mitupu zikitoka kitandani mpaka kizingitini. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limelowa, la waridi, mapovu bado yanapasuka... taratibu... moja moja. Harufu ya zizi.

Wakili hakuingia. Alilala kizingitini, pua kati ya miguu, kama afanyavyo akifika penye mzoga.

Redio ikakoroma.

"Digrii. Tumemwona." Dereva alikuwa ananong'ona. "Kapiga magoti, hatua arobaini. Anatutazama tu. Mgeni anauliza, amalize?"

Digrii alitazama shuka. Akifa yule nyati, Mjomba...

Lakini mwenye damu ya mapafu haponi. Na kina mama, alfajiri.

"Digrii! Anainuka! Sema!"

Akaipa shuka kisogo, akabonyeza redio. "Mmalizeni."

Mlio wa risasi ulifika mara mbili, kwenye redio na kwa mbali porini. Wakili akainuka, manyoya wima, akarudi nyuma akilia chini chini.

Nyuma ya Digrii, kitanda kitupu kikalia, kama mtu mzito anapojilaza.

Hakugeuka. Hakuweza.

"Digrii..." Redio tena. "Hapa hakuna kitu. Majani yamelala tu. Hata damu... hakuna."

Springi za kitanda zikalia tena. Mtu akavuta pumzi ndefu, kifua safi kabisa.

"Mpwa wangu."

Akageuka. Mjomba alikuwa ameketi kwenye shuka kavu, jeupe, anafunga vifungo vya shati. Homa imekwisha. Macho yake hayakupepesa.

"Kuna mtu alisema nimalizwe," alinong'ona kwa upole. "Nilisikia kwa mbali. Ni nani?"

Huyu ndiye aliyemtoa Digrii kwenye kochi la mama yake.

"Dereva," akasema.

"Aa." Mjomba akaifunga kola polepole. "Nilidhani ni sauti yako."

Nje, taa za gari zikaingia kambini. Injini ikazimwa. Mlango ukabamizwa, na Dereva akasikika akijipigia mluzi kujipa moyo.

Mjomba akasimama peku kwenye saruji.

"Yeye analala chumba kipi siku hizi?"

Digrii akanyoosha kidole.